Sampa the Great ni wa Zambia au wa Australia?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi niko Tunduma, na huku nyimbo za Wazambia tunazisikia kila siku kwa sababu Nakonde ni kuvuka mpaka tu. Kuna binti anaitwa Sampa the Great. Wenzangu wa Nakonde wanasema ni wao kabisa, anachana Kibemba. Lakini kila nikimtafuta mtandaoni naambiwa ni msanii wa hip hop wa Australia, na tuzo zake kubwa ni za huko. Je, ni Mzambia aliyekwenda Australia akatoka, au ni Mwaustralia mwenye asili ya Zambia? Naomba unieleze historia yake, na nianze kumsikiliza kwa albamu ipi.

Jibu: Dada, wenzako wa Nakonde wana haki, na walioandika mtandaoni nao hawakuzua. Sampa ni Mzambia. Hakuzaliwa Australia wala hakukulia huko. Lakini rapa tunayemjua, mwenye albamu, ziara na tuzo, alijengeka Australia katika miaka isiyofika kumi. Hoja yangu kwako ni moja: Australia ilimpa jukwaa kabla haijajifunza kumsikiliza, na kazi zake bora zimezaliwa kwenye pengo hilo.

Jina lake ni Sampa Tembo. Alizaliwa mwaka 1993 Ndola, katika mkoa wa Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba. Ishike hiyo Ndola akilini kwa sababu tutairudia. Alikuwa bado mdogo familia ilipohamia Botswana, na huko ndiko alikokulia. Kwa hiyo kabla hajaiona Australia hata kwenye ramani, alishazoea kuwa mtoto wa nyumba ya Kizambia katika nchi ya Kitswana. Hip hop ilimfikia kupitia sauti ya Tupac akiwa bado mtoto, na amesimulia mara nyingi jinsi ilivyomshika. Alianza kwa kuandika mashairi. Alipomaliza shule alikwenda California kusoma, kisha akahamia Sydney kusomea uhandisi wa sauti. Alikuwa na umri wa miaka kama 20. Alifika Australia mtu mzima, mwanafunzi mgeni mwenye lafudhi yake na daftari lake la mashairi. Wanaomwita Mwaustralia mwenye asili ya Zambia huliruka jambo hili, nami naliona kuwa la msingi.

Sasa, hip hop aliyoikuta huko ina historia yake. Ilianza miaka ya 1980, na vitongoji vya magharibi ya Sydney vilikuwa moja ya ngome zake, miongoni mwa vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji. Kundi la Sound Unlimited, lililotoka maeneo hayo, lilitoa albamu kupitia lebo kubwa mwaka 1992. Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hilo, nao waliipokea hip hop mapema wakaifanya yao. Lakini fedha zilipoanza kuingia, picha ilibadilika. Hilltop Hoods wa Adelaide walitoa The Calling mwaka 2003, na mwaka 2006 albamu yao ya The Hard Road ikawa ya kwanza ya hip hop ya Australia kushika namba moja katika chati ya taifa. Ni wasanii hodari, sina ugomvi nao. Ila baada yao, mtu akisema hip hop ya Australia, redio na waandaaji wa matamasha waliona kijana wa kizungu mwenye kofia.

Kulikuwa pia na suala la lafudhi. Kwa miaka mingi kipimo cha ukweli kwa rapa wa Australia kilikuwa kuchana kwa lafudhi ya nyumbani badala ya kuwaiga Wamarekani. Kwa kijana wa Adelaide huo ulikuwa ushauri mzuri, maana ulimpa ujasiri wa kuwa yeye. Lakini kwa aliyetoka Ndola kupitia Gaborone, lafudhi ya nyumbani ni ipi? Kanuni iliyowakomboa wengine ilimweka yeye nje ya mlango, na sidhani kama wengi walioisimamia waliwahi kulitazama hilo.

Sampa aliingia kwa njia nyingine. Sydney ilikuwa na kumbi ndogo za jazi ambako wanamuziki hukusanyika usiku, bendi inapiga, na mwenye maneno anapanda kuchana papo kwa papo. Hapo ndipo alipopata watu wake. Prodyuza Dave Rodriguez, anayejulikana kama Godriguez, alifanya naye The Great Mixtape, iliyotoka 2015 na kutolewa bure. Ukiisikiliza leo utasikia mtu anayejaribu sauti: mara anaimba, mara anachana haraka, mara anaongea kama anayesoma shairi mbele ya darasa. Bado ni kazi ya mwanafunzi, lakini utundu wake umeshaonekana. Mwaka uliofuata alisikika kwenye wimbo wa Remi, rapa wa Melbourne ambaye baba yake ni Mnaijeria, na ambaye tayari alikuwa ameshinda Australian Music Prize ya mwaka 2014. Kutoka Sydney, Sampa naye akahamia Melbourne.

Melbourne ndiyo iliyomkomaza. Ni jiji lenye wanamuziki wengi wa soul na jazi, na lenye jamii kubwa za Waafrika, hasa Wasudan Kusini. Huko alitengeneza Birds and the BEE9, iliyotoka Novemba 2017 kupitia lebo ya Big Dada ya Uingereza. Albamu hii imetulia. Ngoma zake hazina haraka, kwaya zinapita nyuma, na sauti yake, ambayo ni nyembamba na yenye mkwaruzo kidogo, inabebwa na midundo badala ya kupambana nayo. Wapo wasiopenda sauti hiyo wanapoisikia mara ya kwanza. Mimi nakuomba uivumilie kwa nyimbo tatu tu. Utagundua kwamba anaitumia kwa makusudi, anaibana na kuiachia kulingana na anayemsemea, na ndiyo maana ndani ya wimbo mmoja unaweza kusikia mtoto, mama na mhubiri.

Hebu tazama wakati wenyewe. Januari 2018, Peter Dutton, waziri wa mambo ya ndani wa Australia, alisema redioni kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kwenda kula mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya vijana wa Kiafrika. Kwa wiki kadhaa magazeti na televisheni vilijaa habari za magenge hayo, na vijana weusi wa jiji hilo, wengi wao wakiwa Wasudan Kusini, wakawa wanatazamwa kama washukiwa. Miezi miwili baadaye, Machi 2018, binti Mzambia anayeishi katika jiji hilohilo alishinda Australian Music Prize, tuzo ambayo jopo la majaji huitoa kwa albamu bora ya mwaka bila kuangalia mauzo, pamoja na dola 30,000 za Australia. Mwaka mmoja kabla, tuzo hiyo ilikuwa imekwenda kwa A.B. Original, yaani Briggs na Trials, marapa wawili wa asili ya Kiaborijini waliokuwa wameitikisa nchi kwa albamu yao ya hasira. Kwa hiyo si kwamba Australia nzima ilikuwa imefunga masikio. Walikuwapo majaji waliosikia. Lakini huwezi kuelewa nyimbo alizoandika baadaye kama hujui kwamba mtaani Waafrika waliogopwa, na jukwaani Mwafrika huyu alipigiwa makofi.

Hapo ndipo lilipoanza suala lako la "ni wa nani". Ghafla aliitwa sura mpya ya hip hop ya Australia. Yeye mwenyewe hakulipokea jina hilo kwa furaha, na amelisema hilo waziwazi: anajitambulisha kuwa Mzambia aliyekulia Botswana na aliyekuwa akiishi Australia. Pia ardhi ile ina wenyewe, na wenyewe hao bado walikuwa wakipigania kusikilizwa. Mgeni kuvikwa taji la nyumba ambayo wenye nyumba wamewekwa barazani ni jambo zito, na namheshimu kwa kulikataa wakati ambapo kulikubali kungemuuzia albamu nyingi zaidi.

Jibu lake la kimuziki ni The Return, iliyotoka Septemba 2019 kupitia lebo ya Ninja Tune ya Uingereza. Ina nyimbo 19 na inazidi saa moja na robo. Ni ndefu, na nakiri kwamba katikati inalegea, lakini ningepewa nafasi ya kuipunguza nisingejua nianze kukata wapi, maana urefu wenyewe ndio safari anayoieleza: mtu anayetafuta nyumbani ni wapi baada ya kuishi nchi nne. Mama yake na dada yake Mwanjé, ambaye ni mwimbaji kwa haki yake mwenyewe, wanasikika kwenye wimbo wa Mwana. Kwenye Time's Up anachana na Krown, rapa Msudan Kusini wa Melbourne, kuhusu kuwa mtu mweusi katika biashara ya muziki ya Australia, na hakuna anayetafuna maneno. Halafu kuna Final Form. Ule ni wimbo wa ushindi: tarumbeta zilizochukuliwa kwenye rekodi ya The Sylvers ya miaka ya 1970 zinapasua, na yeye anaingia juu yake bila kuomba ruhusa. Video yake ilipigwa Afrika, Zambia na Botswana, wala si kwenye vichochoro vya Melbourne. Ukiitazama utaelewa kwa nini vijana wa Lusaka waliipokea kama barua iliyoandikiwa wao.

Final Form ndio wimbo uliompa tuzo ya hip hop ya ARIA, tuzo kuu za tasnia ya kurekodi muziki Australia, Novemba 2019. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuichukua tuzo hiyo. Akapanda jukwaani akazungumza. Waliokuwa nyumbani mbele ya televisheni hawakumsikia, kwa sababu kipindi kilikuwa kimekwenda kwenye matangazo ya biashara.

Labda utasema ni suala la ratiba tu, kila sherehe ya tuzo ina vipengele visivyorushwa. Inawezekana. Lakini chagua tuzo zote za usiku ule, ukatafute ni hotuba ipi nchi ile ilihitaji kuisikia kuliko hiyo. Yeye hakupiga kelele. Alisubiri mwaka mzima. Novemba 2020, wakati wa korona, ARIA walimwomba atumbuize, naye akarekodi onyesho lake Botswana. Aliuimba wimbo uleule wa Final Form, lakini akauongezea mistari mipya iliyowauliza ARIA uso kwa uso kuhusu tuzo ile iliyokatwa, na kuhusu namna wasanii weusi wanavyotambuliwa. Yaani alitumia jukwaa lao, akiwa maelfu ya kilomita kutoka kwao, kusema walichokikata. Na katika tuzo hizo hizo The Return ilimpa ushindi mara tatu, ikiwemo msanii bora wa kike. Mapema mwaka huo, Machi 2020, albamu hiyo ilikuwa pia imemfanya msanii wa kwanza kushinda Australian Music Prize mara mbili. Kwa maoni yangu hakuna rapa wa nchi ile, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kutumia dakika chache za televisheni vizuri kuliko yeye usiku ule.

Korona ilimrudisha Afrika, naye akajikita Zambia. Hapa ndipo Ndola inaporudi.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964. Miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na kiwango kinachotajwa siku zote ni asilimia 95. Vijana wa miji ya migodi, waliokuwa wakisikiliza roki ya Kiingereza na ya Kimarekani, wakaanza kupiga yao: magitaa ya umeme yenye sauti ya kukwaruza, midundo ya nyumbani, maneno ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Muziki huo ukaitwa Zamrock. Kinara wake alikuwa WITCH, bendi ya mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, iliyotoa albamu yake ya kwanza, Introduction, mwaka 1972. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, jua kwamba Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ilifanya sehemu kubwa ya kazi zake Kenya. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukabana, nakala za wizi zikaua mauzo, na UKIMWI ukawachukua wengi wa wanamuziki wale. Jagari alibaki karibu peke yake katika kizazi chake, akawa anachimba vito kujipatia riziki, mpaka rekodi za zamani zilipochapishwa upya na dunia ikamkumbuka.

Sampa alizaliwa kwenye mkoa uliozaa muziki huo, na mmoja wa wazee wa ukoo wake, George Kunda, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WITCH. Lakini alikulia mbali na habari hizo. Aliporudi ndipo alipozikuta kwa ukamilifu wake, na albamu ya As Above, So Below, iliyotoka Septemba 2022, inabeba ugunduzi huo. Safari hii prodyuza mkuu alikuwa Mag44, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa hip hop ya Zambia. Chef 187, rapa ambaye wenzako wa Nakonde watakwambia habari zake usiku kucha, yumo kwenye Never Forget, wimbo unaowataja na kuwaheshimu wazee wa Zamrock. WITCH wenyewe wamo kwenye Can I Live? Na pembeni yao wamo Angélique Kidjo wa Benin na marapa wa Kimarekani Denzel Curry na Joey Bada$$. Albamu ina nyimbo 11 tu. Nyama yote, mfupa kidogo. Anachana Kibemba na Kinyanja bila kusimama kumtafsiria mtu, na anasikika amepumzika kuliko wakati wowote alipokuwa Melbourne.

Mwaka huohuo wa 2022 alikwenda Coachella Marekani na Glastonbury Uingereza akiwa na bendi ya Wazambia watupu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika matamasha hayo. Alirudi Australia pia, akapiga Sydney Opera House na bendi hiyo hiyo. Mji ule alikofika akiwa mwanafunzi, safari hii aliuingia na watu wa kwao.

Kwa hiyo, "alikwenda Australia akatoka"? Ndiyo, na usiwaonee haya wanaosema hivyo. Australia ilimpa chuo cha sauti, kumbi za kujifunzia, redio ya taifa ya vijana iitwayo triple j inayopiga wasanii wasio na lebo, na tuzo ya majaji inayomlipa mtu ili aendelee kuandika. Zambia ya wakati ule ilikuwa na vipaji tele na studio nzuri, lakini mnyororo wa namna hiyo, unaomfikisha mwandishi wa mashairi hadi Ninja Tune, haikuwa nao. Kwetu Tanzania hali haikuwa tofauti sana. Nasema hivi kwa uchungu, maana kila nikimsikiliza huwaza ni mabinti wangapi wa Kitwe, Mbeya au Bujumbura wenye madaftari yaliyojaa na wasio na nauli ya kwenda popote.

Lakini ukiniuliza kazi yake ni ya nani, nitakwambia sikiliza nani anajibizana naye ndani ya nyimbo. Kwenye The Great Mixtape anajibizana na hip hop ya Marekani. Kwenye The Return anajibizana na Australia. Kwenye As Above, So Below anazungumza na wazazi, wazee wa Copperbelt na rika lake la Lusaka, na Australia imebaki msikilizaji kama wengine. Aliondoka akiwa amewaachia Waaustralia mlango wazi: mwaka 2021 Genesis Owusu, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Canberra, alishinda tuzo ya ARIA ya albamu bora ya mwaka, na Tkay Maidza, mzaliwa wa Harare aliyekulia Adelaide, amejijengea jina kimataifa. Hao wawili walikulia kule tangu utoto, na wakijiita Waaustralia hakuna wa kuwapinga. Sampa hajawahi kuomba jina hilo.

Kuhusu pa kuanzia: usianze na mwanzo. Anza na As Above, So Below, tena uisikilize pamoja na hao wenzako wa Nakonde ili wakuchambulie Kibemba chake, maana kuna mafumbo hayapatikani kwenye tafsiri yoyote ya mtandaoni. Ukimaliza, tafuta Introduction ya WITCH uone magitaa yale yametoka wapi. Kisha nenda kwenye The Return, lakini usiisikilize kwa mkupuo. Igawe siku mbili, na Time's Up uirudie. Onyesho lake la ARIA la 2020 litazame baada ya hapo, si kabla. Birds and the BEE9 iache ya mwisho, isikilize usiku, bila simu nyingine mkononi.

Ukishazisikiliza zote niandikie tena uniambie ipi imekukaa. Hapa ofisini tumegawanyika, mimi niko upande wa The Return, na nahitaji mtu wa kuniunga mkono.